Nailipia kila mwezi, nayo inanikatakatia albamu: uzoefu wangu na programu ya kusikilizia muziki

Nyota moja. Kungekuwa na sifuri ningeweka sifuri. Jina la programu silitaji, anayelipia muziki kwenye simu aikague yake mwenyewe. Tatizo lilianza baada ya sasisho fulani, miezi kadhaa iliyopita. Programu ilijiwashia bila ruhusa ule mpangilio wa kuunganisha nyimbo, ambapo wimbo unaokwisha unafifia huku unaofuata unapanda juu yake. Wala haikuweka sekunde mbili au tatu. Iliweka 12.

Kwa orodha ya nyimbo za kusindikiza kazi za jikoni, sina neno. Lakini weka Sounds of Sisso, ule mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso pale Mburahati, Dar es Salaam, uliotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017. Singeli inakimbia kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika. Chukua wimbo unaokwisha kwa mapigo 220 na unaoingia kwa 240. Ndani ya sekunde 12 mmoja unapiga mara 44, mwingine 48. Kila baada ya sekunde 3 mapigo yanakutana, kisha yanaachana tena. Unachosikia ni genereta inayoishiwa mafuta. Na linalouma zaidi ni kwamba msikilizaji mgeni, aliyeshawishiwa kwa shida aujaribu muziki huu, ataamini ndivyo ulivyo. Atasema singeli ni vurugu, atafunga, hatarudi. Kumbe hao maprodyuza wamepanga kila kitu, hadi kile kipande kifupi cha kinanda chenye asili ya mchiriku na taarab kinachozungushwa na kuharakishwa mpaka kinageuka ngoma.

Kwa muziki wa taratibu madhara ni makubwa kuliko hapo. Peel, albamu ya KMRU wa Kenya, ya mwaka 2020 kupitia lebo ya Editions Mego, imejengwa kwa sauti ndefu zinazobadilika polepole mno. Humo kufifia ndiko muziki wenyewe. Ukizikata sekunde 12 za mwisho na kuzimwagia mwanzo wa kipande kingine, umemnyang'anya msikilizaji mahali alipokuwa anapelekwa tangu mwanzo. Halafu kuna ile huduma ya kusawazisha ukubwa wa sauti. Ikifanya kazi wimbo kwa wimbo, inakinyanyua kipande kilichorekodiwa kwa sauti ya chini hadi kilingane na kilicho kikubwa, na tofauti aliyoipanga msanii inapotea. Na kwa kuwa KMRU anaitwa Joseph Kamaru, jina la babu yake, yule mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu, programu iliwaweka wote wawili kwenye ukurasa mmoja. Babu wa gitaa na mjukuu wa sauti za mazingira, wamerundikwa pamoja kama nguo za mtumba.

Nililalamika. Nilieleza hatua kwa hatua, nikataja na dakika ambapo kasoro inasikika kwenye albamu ya Duma, wale vijana wa Nairobi waliochanganya muziki wa metali wenye kasi kali na kelele za kielektroniki mwaka 2020. (Duma hapa si yule mnyama mwenye madoa. Ni giza, kwa Kikuyu.) Mhudumu akajibu kwamba amesikiliza, na kwamba kwa maoni yake faili lenyewe ndilo bovu, lina mikwaruzo, nijaribu msanii mwingine. Nijaribu msanii mwingine! Hakugusa hata neno moja kuhusu sekunde 12. Mtu aliyeajiriwa kuhudumia wasikilizaji wa muziki anaiita kazi ya watu takataka kwa sababu haikumwingia masikioni. Hapo ndipo nyota ya pili ilipodondoka.

Anayetaka kuiokoa albamu yake afanye hivi. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya uchezaji, uvute kuunganisha nyimbo hadi 0. Usiishie hapo: washa ule wa kucheza bila pengo kama upo, maana baadhi ya albamu zinatiririka kutoka kipande hadi kipande, na hata nusu sekunde ya kimya inazikata. Kusawazisha sauti kuzime, au uchague kwa albamu badala ya kwa wimbo. Kisha zima kuendelea kucheza chenyewe. La sivyo Peel inakwisha, na kabla hujapumua umeshushiwa tangazo la kinywaji au wimbo wa harusi. Mwisho, zima kile kiboreshaji cha usafi wa sauti. Congotronics ya bendi ya Konono N°1 kutoka Kinshasa, ya mwaka 2004, inapigwa kwa likembe, yaani marimba za vidole, zilizounganishwa na vikuza sauti vya kujitengenezea, sumaku zake zikitoka kwenye vipuri vya gari kuukuu. Ule mkwaruzo ndio uliowapa wale wazee sauti yao. Kiboreshaji kinaudhania kuwa hitilafu na kinaupunguza, likembe inabaki kama kengele ya baiskeli.

Baada ya kubadilisha, funga programu kabisa na uifungue upya. Albamu uliyokwisha kuipakua ijaribu kwenye kiungio cha wimbo wa kwanza na wa pili, sekunde 20 za mwisho. Hapo ndipo utajua kama mpangilio umeshika.

Kuhusu mapendekezo yake, usiyategemee. Yanafuata walichosikiliza watu wengi, na albamu hizi hazina watu wengi. Fuata lebo na studio. Kutoka Sounds of Sisso nenda Poaa ya Bamba Pana, 2018, kisha mwaka 2019 kuna tatu za kupanga mstari: Mateso ya Sisso mwenyewe, Tatizo Pesa ya Jay Mitta, na Uingizaji Hewa ya Duke. Ukitafuta Duke kwa jina tupu utaletewa jazi ya Marekani, kwa hiyo andika jina la albamu. Baada ya hapo Mr Mixondo ya DJ Travella, 2022, yenye kasi ya kukukausha mate. Ukishiba singeli, ivuke lebo ya Nyege Nyege Tapes uende kwa lebo dada yake, Hakuna Kulala, umsikilize Slikback, prodyuza wa Kenya. Sikiliza albamu nzima kwa mpangilio wake, mara mbili, kabla hujatoa hukumu. Ya kwanza masikio yanatafuta pa kushika tu.

Haki isemwe, hata hivyo. Programu hiyohiyo ndiyo iliyonipa Gulu City Anthems ya Otim Alpha, muziki wa harusi za Waacholi wa kaskazini mwa Uganda uliohamishiwa kwenye kompyuta. Ilikuja yenyewe usiku mmoja baada ya Poaa, bila mimi kuitafuta, na tangu siku hiyo sijaacha kuwapa watu. Sauti yake inakwaruza, vinubi vimegeuzwa nyuzi za mashine, na bado ni harusi kamili, unaweza kumwona bibi harusi. Kwa albamu hiyo moja nilikuwa tayari kusamehe mengi. Nilishaanza kuandika nyota tatu hapa.

Nikaifungua asubuhi ya leo ili niangalie tahajia ya jina la albamu. Kuna sasisho jipya. Kuunganisha nyimbo: sekunde 12.