Uzoefu wangu: kusoma mwandiko wa Zama za Kati kwenye skrini

Kwa mwaka mzima nimejifunza kusoma miswada ya Kilatini kwa kompyuta tu. Zana zangu zilikuwa mbili: tovuti ya e-codices, yenye picha za miswada ya kale, na programu ya akili mnemba inayogeuza picha ya mwandiko kuwa maandishi ya kawaida.

E-codices ilianza mwaka 2005, ni kazi ya Chuo Kikuu cha Fribourg, Uswisi, na haina malipo. Nilianza na muswada Cod. Sang. 914 wa maktaba ya abasia ya St. Gallen, nakala ya karne ya 9 ya Kanuni ya Benedikto (sheria za maisha ya watawa). Unakuza picha mpaka herufi moja inajaza skrini, ukaona kalamu ilipotua na ilipoinuka. Mwandiko wake, wa Kikarolingi (wa zama za Karolo Mkuu na warithi wake), ni wa mviringo, herufi zimeachiana nafasi. Baada ya wiki mbili kilichokuwa kikinikwamisha ni s ndefu tu, inayofanana sana na f. Kwenye Gothiki, mwandiko wa baadaye uliobanana, mambo yalibadilika: neno minimum ni vijiti 15 vilivyosimama bega kwa bega, i bila nukta!

Hapo ndipo nilipoikimbilia programu. Ukurasa mzima uliniletea chini ya dakika moja, na vijiti ilivihesabu kunishinda. Lakini vifupisho viliivuruga. Waandishi wale walikata mkia wa p kwa mstari mnyoofu wakimaanisha per (kupitia). Mstari ukichomoza kwenye tumbo la p na kupinda kushoto, ni pro (kwa ajili ya). Programu iliandika per kote. Nami niliiamini, nikatafsiri kurasa tatu, hadi nilipokutana na "per nobis". Nobis na nos ni maumbo mawili ya neno "sisi", na per haiwezi kufuatwa na nobis, inataka nos. Nikarudi kwenye picha, nikakuza: mkunjo wa pro ule pale, wazi kabisa. "Kwa ajili yetu" nilikuwa nimeifanya "kupitia kwetu", na sala nzima ilikuwa imepoteza maana. Kurasa tatu nilizianza upya.

Siku hizi nasoma mwenyewe kwanza, naandika, ndipo nafungua ya mashine na kulinganisha. Tunapotofautiana, picha ndiyo inayoamua, na macho yangu yamenoleka kwa njia hiyo kuliko kwa kitabu chochote.

E-codices naipa nyota tano, programu tatu. Kitu kimoja skrini haijanipa: mistari iliyokwaruzwa kwenye ngozi kwa ncha kavu ili kuongoza maandishi. Inaonekana vizuri mwanga ukipigwa kwa ubavu, na picha nyingi zimepigwa kwa mwanga wa usoni.