"Wewe Shughulika na Pweza": yaliyonikuta na waliohamisha tovuti yangu

Naanza na nyota moja, na hiyo ni ya rangi. Rangi wamezipatia. Ile buluu ya bahari ya Jambiani, huku kwetu Unguja, saa kumi alasiri, maji yamejaa mpaka ngazini, wameiweka juu ya ukurasa wa mbele na huwezi kuikosoa. Mengine yote, wallahi, sina la kuwapa.

Mie nina nyumba ya wageni, vyumba sita, pwani kabisa. Wageni wangu wengi hawaletwi na wakala. Wanatafuta wenyewe huko kwao, wanakuta maandishi yangu, wananiandikia. Na ukurasa ulioniletea watu kuliko wote haukuwa wa vyumba wala wa bei. Ulikuwa ukurasa wa maji. Aliyeishi Jambiani ataelewa. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kutoka sana, saa nne ya asubuhi bahari imeshakwenda zake mwambani, na mgeni aliyeamka na taulo begani anakuta mchanga, vigingi vya mwani na kina mama wameinama. Wengine walikuwa wakinijia juu kama kwamba mie ndiye niliyeyafungua maji yakatoka. Basi miaka hiyo nikakaa na binti yangu tukaandika kila kitu: bamvua huja mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji mafu, yale yasiyojaa wala kutoka sana, yako kati yake, maji hujaa mara mbili kwa siku na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50, saa gani ya kuogelea na saa gani ya kupanda ngalawa. Kiingereza changu cha kuungaunga, yeye akakinyoosha. Ukitafuta habari za maji ya Jambiani kwenye Google, ukurasa ule ulikuwa wa kwanza au wa pili, na sikumlipa mtu hata senti.

Tatizo langu lilikuwa jina la tovuti. Refu, na wageni wakilikosea herufi. Nikataka jipya, fupi, la .co.tz. Nikapata watu mjini, jina lao silitaji, sitaki kesi. Wakanitengenezea tovuti mpya, wakaihamisha siku chache tu kabla ya msimu, karibu na Mwaka Kogwa, ile sikukuu ya Makunduchi ya mwezi wa saba. Siku ile ningeulizwa ningetoa nyota tano bila kufikiri. Picha nilizituma WhatsApp mpaka kwa mashemeji.

Wiki ya pili barua pepe zikapungua. Wiki kama ya nne hakuna kitu. Nikasema labda msimu mbaya, nikamchungulia jirani: kwake kumejaa mpaka wanalala kwenye hema. Nikachukua simu, nikaandika maneno yale yale ninayoyajua kwa moyo. Wa kwanza simo, wa pili simo, ukurasa wa tatu simo. Kuna mgeni Mjerumani aliwahi kuweka linki ya ukurasa wangu wa maji kwenye tovuti yake. Nikaibonyeza. Ikanitupa ukurasa wa mbele, kwenye ile buluu. Maji ya kuogelea tele, habari za maji hamna.

Nikapanda daladala, ile 309, nikaenda mjini, daftari kwapani. Nikamkuta kijana aliyeshughulika na kazi yangu, vitu vya kusikilizia muziki masikioni, kimoja akakitoa. Akaniambia Google ina mambo yake, inataka muda. Na hilo, kinachoniudhi mpaka leo, ni kweli nusu. Ukihamisha tovuti hata kwa ustadi, Google inachukua wiki kadhaa kuzoea, na unaweza kushuka kidogo kabla ya kupanda. Lakini mie sikushuka kidogo, nilitoweka. Nikamuuliza, mbona linki za zamani zote zinaniangusha mlangoni badala ya kunipeleka chumba nilichokitaka? Hata macho hakuyainua.

"Bi mkubwa, wewe shughulika na pweza, haya tuachie wenyewe."

Mwenzake akacheka. Kile kicheko nilirudi nacho kwenye gari mpaka Jambiani.

Sasa yeye alisema pweza kwa kunidharau, lakini hajui alichosema. Nimefuata pweza mwambani tangu sijaanza skuli. Pweza ana shimo lake. Mwanamke wa Jambiani anayajua mashimo moja moja, hili la leo, lile liachwe. Hufiki mwambani ukasema "pweza wote nitawakuta pale pale". Na hicho ndicho walichokifanya wao na kurasa zangu.

Aliyenionyesha ni mpwa wangu wa Chake Chake. Alishuka na meli ya Mkoani kwa shughuli zake nyingine, nikamkalisha barazani na kompyuta yake, hakuondoka siku mbili. Akaanza na kisanduku kimoja ndani ya WordPress, programu inayoendesha tovuti yangu, kile cha kuziambia injini za utafutaji zisiisajili tovuti. Kilikuwa kimewekwa alama wakati wa majaribio, na hakuna aliyekumbuka kukiondoa. Yaani tovuti imefunguliwa kwa shangwe huku mlangoni pameandikwa "msiingie". Halafu akaona kila anwani ya zamani imeelekezwa ukurasa wa mbele. Kumbe Google ikiona hivyo huihesabu kama ukurasa ule haupo tena. Na maelekezo yenyewe yalikuwa ya namba 302, ya muda, kama mtu aliyebandika karatasi "nimetoka kidogo, narudi". Inatakiwa 301: nimehama moja kwa moja, nifuateni huku.

Akaingia Search Console, chombo cha wenye tovuti ambako Google huwawekea rekodi ya miezi 16, akatoa orodha ya kurasa zilizokuwa zikitembelewa. Nyingine akazikuta kwenye Wayback Machine, ghala la mtandaoni la kurasa za zamani, zimehifadhiwa kama picha za harusi. Kisha akazipanga, anwani ya zamani huku, mpya yake huku, moja kwa moja bila kupitia vituo vya katikati. Ukurasa wa maji nilimwomba aupange mbele yangu. Mwisho akaiarifu Google kwamba tumebadilisha jina, akaniambia jina la zamani nisiliache, nililipie angalau mwaka mzima, maana maelekezo yote yanakaa juu yake. Yule wa mjini alikuwa ameniambia nisilipie tena, halina kazi!

Hapa nilikuwa tayari kuondoa hata ile nyota ya rangi. Lakini mpwa wangu akauliza, "Mama mdogo, hawakukuandikia hii kazi kwenye bei?" Nikatoa ile karatasi ya bei daftarini. Mstari wa nne: ridairekti 301, ndiyo yale maelekezo, shilingi 150,000. Umepigwa mstari juu yake. Kwa kalamu nyekundu. Yangu.

Nikakumbuka. Mie namba ninazozijua ni za daladala, 309 ya Jambiani na 310 ya Makunduchi. Hiyo 301 nikaona ni ujanja wa mjini wa kunikamua, nikaikata. Mpwa wangu alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Haya, basi, nyota tatu. Nilisema tatu siku ile, kwa haya. Usiku hazikunilaza. Yule kijana aliniona nikiikata. Alikuwa amekaa mbele yangu, akasema "sawa". Fundi wa nyumba nikimkatia saruji ataniambia mama, ukuta huu utakuangukia. Na kile kisanduku je? Hakikuwamo kwenye bei yoyote, hiyo ni kazi ya kukumbuka tu. Na 302 walifanya wenyewe bila kuombwa, bure, na vibaya. Kwa hiyo mbili. Nikikumbuka pweza, moja na nusu.

Ukurasa wa maji umeanza kujitokeza. Ulikuwa wa kumi na ngapi huko, juzi nikauona wa sita, leo asubuhi wa tatu. Wiki hii nimepata Wafaransa wawili, na wa kwanza alishuka garini akiuliza bamvua ni lini, nusura nimbusu. Ila msimu umeshapita, mvua za vuli zinanukia, na wale wageni niliowakosa katikati hawarudi.

Sasa jina la zamani linakaribia kuisha, na mpwa wangu amegundua limesajiliwa kwa barua pepe ya yule kijana. Bila yeye silipii wala silihamishi. Kesho napanda 309. Pweza nimeshampika, wa nazi, yuko kwenye hotipoti. Sijaamua bado kama namkaribisha ale au namrushia.