Kabla ya Kununua Jiko la Umeme la Wali, Fungua Kwanza Kifuniko

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji kuhusu majiko ya umeme ya kupikia wali yanafanana kiasi kwamba nimeona ni afadhali niyajibu kwa pamoja. Hawalalamikii wali mbichi wala wali ulioungua. Wanaandika kwamba jiko lilipokuwa jipya lilipika vizuri, lakini baada ya miezi michache wali ukaanza kutoa harufu ya uchachu muda mfupi tu baada ya kuiva, hata kama sufuria imesuguliwa ikang'aa. Mmoja alibadilisha mchele, mwingine akabadilisha maji, na wa tatu akawa anachemsha ndimu ndani ya jiko kila mwisho wa juma. Hakuna aliyefikiria kutazama juu, kwenye kifuniko, na siwalaumu, kwa kuwa ni nadra kumpata muuzaji anayekionyesha.

Mchele unapochemka hutoa povu zito la wanga. Povu hilo hupanda, hugonga bamba la ndani la kifuniko, na sehemu yake husukumwa na mvuke hadi kwenye tundu la kutolea mvuke. Jiko likipoa, mvuke uliobaki hugeuka matone, na matone hayo huulainisha wanga uliokauka na kuupenyeza kila penye mwanya: nyuma ya bamba, chini ya mpira wa kuzibia, ndani ya njia ya mvuke. Katika jiko lililoundwa kwa kumfikiria mtumiaji, bamba hilo hutoka kwa kubonyeza kishikizo, likaoshwa kwa maji na sabuni. Katika majiko mengi ya bei ya kati limekazwa kwa skrubu, na mwenye jiko anabaki kufuta uso wa mbele tu. Niliwahi kukifungua kwa bisibisi kifuniko cha jiko la aina hiyo, ambalo mwenyewe alikuwa akilifuta kila siku bila kukosa. Nyuma ya bamba la alumini kulikuwa na utando wa kijivu, mgumu kama gundi kwenye kingo na laini katikati, na chini ya mpira zilikuwemo punje za wali zilizokwisha kugeuka rangi ya kahawia. Jikoni hapakukalika.

Kwa hiyo ninapoyapanga majiko haya kuanzia bora hadi baya, mpangilio wangu hauangalii kwanza idadi ya programu wala rangi ya plastiki. Unaangalia kama kila kinachoguswa na mvuke kinatoka na kuoshwa. Dukani, fungua kifuniko, tafuta kishikizo cha bamba la ndani, litoe, kisha lirudishe mwenyewe bila kusaidiwa. Tazama kama mpira wa kuzibia umeshikamana na bamba au umebaki kwenye kifuniko. Ukishikamana na bamba ni bora, kwa kuwa huoshwa pamoja nalo. Toa kofia ya tundu la mvuke uichungulie ndani, maana ziko zinazotoka vizuri lakini zina vijumba vidogo visivyofunguka, na humo wanga hujificha vilevile. Muuzaji akikukataza kufungua kwa kisingizio kwamba bidhaa itachakaa, mrudishie boksi lake. Wanaonunua kwa mtandao waitafute picha ya kifuniko kikiwa wazi. Ikikosekana, mara nyingi ni kwa sababu hakuna cha kujivunia.

Ili kujua unalipia nini katika madaraja ya juu, ni vyema kuelewa jiko hujuaje kwamba wali umeiva. Maji yanayochemka hayapiti nyuzi 100 za Selsiasi, kwa hiyo maadamu bado yamo ndani ya sufuria, joto la kitako chake hubaki karibu na hapo. Yakishanywewa na mchele, joto hupanda ghafla. Jiko la Toshiba lililoanza kuuzwa mwaka 1955 lilitumia tabia hiyo kwa kutia maji katika sufuria ya nje. Yalipokauka, swichi ya metali mbili ilijipinda kwa joto ikakata umeme. Majiko ya kawaida ya leo yana sumaku chini ya sufuria, ambayo hupoteza nguvu ya kuvuta inapofika takriban nyuzi 103. Springi hufyatuka na kitufe kikaruka kwenda kwenye kuhifadhi joto. Ni ufundi mzuri, wala hauhitaji kompyuta. Udhaifu wake ni kwamba jiko huwaka kwa nguvu ileile tangu mwanzo hadi mwisho, na ndiyo maana hutoa povu jingi na kuacha ukoko. Jiko lenye kompyuta ndogo huacha kwanza mchele unywe maji kwa joto la chini, kisha huchemsha na kupunguza moto kadiri joto linavyobadilika, kwa hiyo povu linalofika kwenye kifuniko ni dogo zaidi.

Nafasi ya kwanza naipa Zojirushi, na upendeleo wangu siufichi. Kampuni hii ya Osaka ilianza mwaka 1918 kwa chupa za chai za kuhifadhi joto, na labda ndiyo sababu inakichukulia kifuniko kuwa sehemu ya kazi yake. Jiko lake la NS-TSC10, ambalo lina kompyuta ndogo na linatosha vikombe vitano na nusu vya mchele, lina bamba la ndani linalotoka na kofia ya mvuke inayotoka, vyote vikaoshwa kwenye sinki na kurudishwa kwa sekunde chache. Anayetaka kupanda daraja anaweza kuchukua NS-ZCC10, lakini kwa matumizi ya kila siku sioni haja. Si kwamba Zojirushi haina kasoro. Ni ya polepole: wali mweupe unaweza kuchukua kati ya dakika 40 na saa nzima, wakati jiko la kitufe linamaliza kwa nusu saa au chini yake. Kasoro nyingine ni betri ndogo inayotunza saa ya jiko plagi ikichomolewa. Imechomelewa ndani, haibadilishwi na mtumiaji, na ikiisha baada ya miaka kadhaa itabidi urekebishe saa kila unapochomoa. Jiko huendelea kupika kama kawaida, lakini kampuni inayojali kifuniko kiasi hicho ingeweza kuweka kijumba cha betri.

Nafasi ya pili ni ya majiko ya induksheni, yaani yale ambayo koili ya sumaku hufanya sufuria yenyewe ipate joto, kitako pamoja na mbavu, badala ya kuiwekea bamba la moto chini. Matsushita, ambayo leo inaitwa Panasonic, ilitoa jiko la namna hii mwaka 1988, na sasa Tiger na Zojirushi pia wanayatengeneza. Wali huiva sawasawa juu na chini, tofauti inayoonekana hasa sufuria ikijaa au mchele ukiwa wa kahawia usiokobolewa. Hata hivyo hula umeme wa nguvu kubwa kwa wakati mmoja, wati 1,000 au zaidi katika mengi ya ukubwa wa familia, na sufuria yake ikichubuka, bei ya mpya inauma. Kwa anayepika wali mweupe wa watu watatu au wanne, ongezeko la bei ni kubwa kuliko ongezeko la utamu.

Nafasi ya tatu ni majiko ya presha, ambayo Cuckoo ya Korea Kusini ndiyo inayojulikana zaidi nayo. Presha huipandisha nyuzi ya kuchemka juu ya 100, hivyo mchele mgumu hulainika mapema. Nayaweka hapa kwa sababu mbili. Wali wake huelekea kushikana, na anayependa wali unaochambuka hatafurahi. Tena, vipande vya kuosha ni vingi, na mpira wa kuzibia hukakamaa kwa muda ukahitaji kubadilishwa, la sivyo mvuke unavuja pembeni na jiko halishiki presha.

Jiko la kitufe lenye kifuniko cha kioo kisichounganishwa na mwili linachukua nafasi ya nne. Kifuniko chake huoshwa chote, hilo nalikubali. Linamwaga povu mezani, na wali ukiachwa kwenye kuhifadhi joto hukauka. Kwa anayepika na kula hapohapo linatosha.

Nafasi ya mwisho ni jiko lolote, la bei yoyote na la jina lolote, lenye kifuniko cha bawaba ambacho bamba lake la ndani halitoki. Usilinunue.

Sasa niseme kuhusu vipimo, kwa sababu hapa wauzaji wananikera kuliko kwenye kifuniko. Kikombe kinachokuja na jiko kina mililita 180, ambazo ni karibu gramu 150 za mchele, na mistari iliyochorwa ndani ya sufuria inafuata kikombe hicho peke yake. Ukikipoteza ukatumia kikombe cha upishi cha mililita 240, mchele utazidi kwa theluthi nzima na maji ya mstari hayatautosha. Majiko ya Kijapani hutajwa kwa ujazo wa mchele mkavu: lita 0.54 ni vikombe vitatu, lita 1.0 ni vikombe vitano na nusu, lita 1.8 ni vikombe kumi. Wauzaji wengine lakini hutaja ujazo wa sufuria hadi ukingoni, na wengine huhesabu vikombe vya wali ulioiva, ili namba ionekane kubwa. Matokeo yake ni kwamba "vikombe ishirini" vya huyu vinaweza kuwa kumi vya yule, na mnunuzi analinganisha bei za vitu viwili visivyolingana akidhani amepata nafuu. Uliza swali moja tu: sufuria hii inapika gramu ngapi za mchele mkavu kwa mpigo mmoja? Asiyeweza kujibu hajui anachouza. Wala usinunue kubwa kwa tahadhari ya wageni, maana kikombe kimoja cha mchele katika sufuria ya lita 1.8 hutandazika kikawa tabaka jembamba, maji hukauka kabla ya punje kuiva, na ukoko huchukua sehemu kubwa ya chakula.

Ubaya zaidi uko kwenye volti. Majiko yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, ya Marekani volti 120, na sehemu kubwa ya dunia iliyobaki ina umeme wa volti 220 hadi 240. Jiko la volti 100 likichomekwa kwenye soketi ya 230 bila transfoma halitadumu, na adapta ya plagi haibadilishi volti hata kidogo, ingawa wapo wanaoiuza pamoja na jiko kana kwamba inabadilisha. Soma kibandiko kilicho chini ya jiko, usisome boksi. Tena uliza kabla ya kulipa kama sufuria ya ndani, bamba la kifuniko na mpira vinauzwa peke yake, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyochakaa kwanza, na jiko lisilo na vipuri hutupwa likiwa na moto wake mzima.

Matumizi hayana mengi. Osha mchele katika bakuli lingine, si ndani ya sufuria ya jiko, kwa kuwa punje zinazosuguana huuchubua polepole utando usioshika chakula. Futa kitako cha sufuria kikauke kabisa, na upapase bamba la moto kabla ya kuiweka, jiko likiwa limepoa. Punje moja iliyonaswa pale huinua sufuria, kipima joto kikasoma vibaya, na wali ukaungua au jiko likazima mapema. Kitufe kikiruka, usifungue kwa dakika 10 hadi 15, ili unyevu usambae, kisha pindua wali kwa mwiko wa plastiki au wa mbao ili mvuke uliobanwa chini utoke. Bamba la kifuniko lioshe kila unapomaliza kupika, na ulikaushe kabla ya kulirudisha. Maji ya ndimu yanayochemshwa ndani ya jiko hupunguza harufu, lakini hayafiki nyuma ya bamba lililokazwa.

Kuhifadhi joto kuna mpaka. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu huamka na kutoa sumu ambayo moja kati yake haiharibiki hata wali ukipashwa moto tena. Kinachozuia hayo ni joto linalobaki juu ya nyuzi 60, kwa hiyo jiko lililochomolewa huku wali umo ndani si chombo cha kuhifadhia, hata kama kifuniko kimefungwa barabara. Katika jiko lililowashwa, usipitishe saa 12, na wali uliochanganywa na mboga au nyama usiuache humo kabisa. Utakaobaki utandaze kwenye chombo kipana upoe upesi, kisha uingize kwenye friji ndani ya saa moja.