Maoni ya wafanyakazi: karatasi au simu?
Kwa gharama, simu inashinda: Google Forms, fomu za kujaza mtandaoni, ni bure na majibu hujijumlisha yenyewe. Karatasi hudai uchapishaji, kisha mtu wa kuyaingiza kwenye kompyuta.

Kwenye uaminifu mambo hugeuka. Fomu ikinasa barua pepe ya kazini, nani atamkosoa bosi wake? Zima kipengele hicho. Hata Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka ukusanye unachohitaji tu. Lakini idara ikiwa na watu wanne, mwandiko kwenye karatasi nao humfichua mtu.

Kwa kiwanda cha Industrial Area, Nairobi, ambako simu huachwa langoni, sanduku la karatasi lenye kufuli litafaa, ila ufunguo usikae kwa meneja. Kwa ofisi ya Upper Hill yenye wanaofanyia kazi nyumbani, tuma linki ya fomu.