Kiti cha kutundika au cha kupanda nacho?

Mwindaji wa kulungu wa mkia mweupe kule Marekani, hasa anayetumia upinde, akitaka kukaa juu ya mti bila kujenga kitu cha kudumu, mara nyingi huchagua kati ya aina hizi mbili za viti.

Cha kutundika ni jukwaa dogo lenye kiti, linalofungwa kwenye shina kwa mkanda wa kukaza. Cha alumini huwa na kilo 5 hadi 7 hivi, lakini uzani huo usikudanganye: ngazi fupi tatu au nne za kupandia zinabebwa kando, na kukifunga huku umening'inia ni kazi ya jasho. Uzuri wake hakichagui mti. Mwaloni wenye matawi huku na huku, shina lililopinda kidogo, kinakaa tu, na matawi yenyewe yanakuficha.

Cha kupanda nacho kina vipande viwili vinavyolishika shina kwa meno. Unainua cha juu kwa mikono, kisha cha chini kwa miguu, hadi mita 6 hivi. Ngazi hazihitajiki. Ila kinataka shina lililonyooka lisilo na matawi, kama misonobari ya Georgia na Alabama, na meno yake yakikwaruza gome alfajiri, kulungu aliye karibu keshasikia.

Kwa misitu mchanganyiko ya Michigan au Pennsylvania, mimi ningechukua cha kutundika. Ngazi za skrubu ziache, maana kutoboa miti kumepigwa marufuku katika ardhi nyingi za umma. Mkanda wa usalama, ule wa mwili mzima, nao uvae ungali chini. Wengi huanguka wakipanda, wakishuka au wakihamia kitini.