Kioo cha mlango kimegoma: ununue nini, na nini ukiache dukani

Kioo cha dereva cha Toyota IST yangu kiligoma mwezi wa Aprili, kikiwa chini kabisa, na wingu limeshafunga upande wa baharini. Fundi wa kwanza alibonyeza swichi mara mbili, akatikisa kichwa: "Kaka, mashine imekufa hii. Toa hela nikufuatie nyingine." Nikatoa. Mashine, yaani mtambo ulio ndani ya mlango unaopandisha na kushusha kioo, ikaja, ikafungwa, kioo kikabaki palepale. Kumbe waya ulikuwa umekatika ndani ya ile raba nyeusi inayotoka kwenye bodi kuingia mlangoni, mahali panapokunjwa kila mlango unapofunguliwa. Fundi umeme aliuunga siku hiyohiyo. Mashine niliyoinunua ilikaa stoo mwaka mzima.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, sikiliza. Weka funguo kwenye "on", bonyeza swichi, na mtu mwingine aweke sikio mlangoni.

Ukisikia mota inazunguka lakini kioo hakipandi, au kinapanda kimelala upande, mashine ndiyo mbovu: mikono, meno au kamba. Ikiwa mlango ni kimya lakini taa ya ndani inafifia kila unapobonyeza, umeme unafika ila mota imekwama, au raba za kioo zimekibana. Kimya na taa haibadiliki? Umeme haufiki, anza na fyuzi, kisha waya wa kwenye ile raba, kisha swichi. Kioo cha abiria kinachotii swichi yake kikamkatalia dereva kinakuelekeza kwenye masta swichi, ile ya mlango wa dereva inayoendesha vioo vyote. Na vioo vyote vya abiria vikigoma kwa pamoja, angalia kwanza kitufe cha kuvifunga kilichopo mlangoni kwa dereva. Nimeona paneli tatu zikifumuliwa kwa sababu ya kitufe hicho.

Ukishajua kilichokufa, nenda sokoni. Mimi ningepanga hivi.

Ya kwanza, kwa gari za Kijapani tunazoendesha wengi (Vitz, IST, Premio, Noah), ni mashine kamili ya mtumba kutoka Japani, ikiwa na mota yake. Mashine nyingi za gari hizi ni za mikono ya chuma iliyopishana kama mkasi, inayosukumwa na kipande chenye meno. Chuma hicho hakichoki upesi, hivyo ya mtumba iliyotunzwa bado ina miaka mingi. Mashimo yake ya bolti yatakaa sawa na plagi itaingia bila kukata waya. Kwa bei nayo, mpya ya wakala huwa mbali sana juu yake.

Wapo watakaokushauri uchukue mota peke yake kwa kuwa ni rahisi zaidi. Naiweka ya pili, na nina sababu. Mashine nyingi za mkasi zina springi iliyojikunja kama ya saa, kazi yake kuisaidia mota kubeba uzito wa kioo. Mota ndiyo inayokizuia kile kipande chenye meno kisiruke. Ukifungua bolti zake tatu bila kuibana mikono ile kwanza, springi inaachia ghafla, na vidole vikiwa katikati vinaumia vibaya. Fundi anayejua hutoboa tundu na kupitisha bolti, au hubana kwa jiriwa, kabla ya kugusa mota. Kama hujamwona fundi wako akifanya hivyo, nunua mashine kamili, tofauti ya bei inastahili.

Ukiwa dukani, iwe Kariakoo, Shaurimoyo, Barabara ya Kirinyaga Nairobi au Kisekka kule Kampala, usikubali kuuziwa kwa macho. Omba betri. Mota ya kioo ni ya volti 12 na haina upande maalumu wa chanya na hasi: ukigeuza nyaya inazunguka kinyume, na ndivyo kioo kinavyopanda na kushuka. Kwa mota ya waya mbili, mwambie muuzaji aguse nyaya pande zote mbili. Isikilize: mlio uwe mmoja, wenye nguvu ileile akigeuza. Ukisikia inasagika au inakwama mahali pamoja kila ikizunguka, meno ya ndani yameliwa. Halafu shika mikono uitikise, icheze kidogo tu kwenye maungio. Kutu ya juu juu haina neno, lakini kutu iliyokula pini ni ya kuiacha.

Angalia pia plagi. Mota ya kawaida ina waya mbili. Ile ya kioo kinachopanda chenyewe kwa mguso mmoja, na kurudi chini kikikuta mkono wa mtoto, huwa na waya zaidi kwa sababu ndani yake kuna kipimo cha mzunguko. Hizi mbili hazibadilishani, hata zikifanana kwa umbo. Kushoto na kulia navyo ni tofauti. Hapo ndipo spea zinazopitia Dubai na Sharjah zinapowakosesha watu: magari ya kule yana usukani kushoto, kwa hiyo mota yenye mambo mengi, ile ya dereva, inakuwa mlango wa kushoto, na masta swichi yake haitakaa kwenye mlango wetu wa kulia. Muulize muuzaji imetoka kwenye gari ya usukani upi.

Jina lililopigwa kwenye mota linasaidia kidogo. Kwenye Toyota utakuta Denso au ASMO. ASMO ilikuwa kampuni tanzu ya Denso na iliunganishwa nayo 2018, kwa hiyo usishtuke ukipewa ASMO badala ya Denso. Kinachosaidia zaidi ni chasisi namba. Ukisema "nataka ya Vitz" hujasema kitu, maana SCP10 na SCP90, chasisi za Vitz za vizazi viwili, ni milango miwili tofauti. Piga picha kibati cha gari chenye namba hiyo, na ubebe mashine mbovu mkononi.

Ya tatu ni mashine mpya isiyo ya kampuni, zile za Kichina nyingi. Kwa mkasi wa Kijapani siipendi: chuma huwa chembamba na kioo kinaanza kutetemeka kikiwa nusu. Lakini kwa mashine za kamba mpangilio wangu unageuka. Kamba ya chuma hupita kwenye roda za plastiki, na plastiki huzeeka hata gari ikiwa imeegeshwa. Volkswagen Golf ya kizazi cha nne inajulikana kwa ugonjwa huu: kishikizo cha plastiki kinavunjika na kioo kinadondoka ndani ya mlango. Ukinunua ya mtumba hapo unanunua plastiki yenye umri uleule wa iliyovunjika. Chukua mpya, na kama kuna yenye vishikizo vya chuma, ndiyo hiyo.

Orijino mpya ya wakala ni bora kuliko zote kwa ubora. Kwa gari ya miaka ishirini sioni haja yake. Kwa gari mpya nisingefikiria nyingine.

Masta swichi nimeitenga kwa sababu inagusa usalama. Oktoba 2012 Toyota iliita magari milioni 7.43 duniani kote yarudishwe kurekebishwa, Vitz na Corolla zikiwemo, kwa sababu ya swichi hii. Grisi ya kiwandani haikupakwa sawasawa, swichi ikawa inakwama, na ilikuwepo hatari ya kuyeyuka na kushika moto. Mwaka 2015 yakaitwa mengine milioni 6.5 kwa swichi ya kioo tena. Toyota ilionya watu wasipulizie mafuta ya dukani kwenye swichi ngumu, maana yenyewe yanaweza kuleta moshi. Mtaani kwetu hilo ndilo jambo la kwanza watu wanalofanya. Tafadhali usifanye. Swichi ikinuka plastiki iliyoungua au ikipata joto, chomoa plagi yake siku hiyohiyo ununue nyingine, iliyolingana idadi ya pini na isiyo na alama ya kuungua.

Ya mwisho kabisa ni kuunga: kamba iliyofungwa fundo, meno yaliyochomelewa, kioo kilichobanwa kwa kipande cha ubao. Ubao naukubali kwa usiku mmoja wa mvua, mpaka duka lifunguliwe.

Kuhusu malipo, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti kwamba isipofaa utairudisha, na kwa siku ngapi. Fedha ya fundi ijadili kando na ya spea.

Siku ya kufunga simama karibu. Nyuma ya paneli kuna nailoni iliyobandikwa. Fundi mwenye haraka huichana na kuitupa, halafu masika yanaingiza maji ndani ya gari. Irudi ilivyokuwa, na klipu zilizovunjika zibadilishwe. Raba za kioo zisafishwe kwa kitambaa kibichi, zikauke, kisha zipuliziwe silikoni. Mafuta ya injini huvimbisha raba, na raba iliyovimba inakikamata kioo mpaka mota inapata joto, inajizima, inarudi ikipoa, na utarudi dukani ukidhani umeuziwa mbovu. Kama kioo chako ni cha mguso mmoja, kipandishe hadi juu na uendelee kuvuta swichi kwa sekunde chache ili kijifunze upya mwisho wake. Gari nyingi za Toyota zisipofanyiwa hivyo taa ya swichi inapepesa na kioo kinapanda kwa vipande vipande.