Nilisema Mara Tatu Kwamba Mzunguko Wangu ni wa Siku 35

Naandika hasira ikiwa bado haijapoa, kuhusu kliniki moja ya uzazi hapa Dar es Salaam, upande wa Kinondoni, ambayo siitaji jina kwa sababu faili langu bado liko mikononi mwao. Viti ni vizuri na kiyoyozi kinafanya kazi. Hayo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni namba moja iliyochapwa kwenye fomu yao ya maabara: 21.

Mimi na mume wangu tulikuwa tumepitisha mwaka na ushee tukitafuta mtoto, na kwa mwanamke wa umri wangu mwaka mmoja ndio muda ambao madaktari husubiri kabla ya kuanza uchunguzi. Nikaandikiwa kipimo cha damu cha projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kupevuka na kutoka. Damu hiyo hutolewa takriban siku saba kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 28 huenda siku ya 21, na hapo ndipo namba ile ilipozaliwa. Mimi mwenye mzunguko wa siku 35 nilipaswa kwenda siku ya 28. Siku ya 21, kwa mwili kama wangu, huenda yai ndiyo kwanza linatoka, na homoni yenyewe haijapata hata nafasi ya kupanda.

Nililisema hilo mapokezi. Nikalisema tena kwa muuguzi. Mara ya tatu nilimweleza mtaalamu wa maabara, mpira ukiwa umeshafungwa mkononi na mshipa umetutumka, naye akanijibu bila kuinua macho: "Dada, fomu imeandikwa ishirini na moja. Kwani wewe ni daktari?" Nyuma ya pazia mtu akacheka. Nikanyoosha mkono.

Majibu yalipotoka, projesteroni ilikuwa chini, kama ambavyo ingekuwa chini kwa mwanamke yeyote aliyepimwa mapema. Daktari wa zamu, ambaye hakuniuliza hata hedhi ya mwisho niliiona lini, alitamka kwamba mayai yangu hayapevuki, kisha akaniandikia kifurushi cha virutubisho vya "kuweka sawa homoni na kusafisha mirija", shilingi 180,000, kinachouzwa dirishani kwao wenyewe. Mirija haisafishwi kwa kidonge; ikidhaniwa kuziba, hupigwa picha. Kitu pekee cha maana katika kifurushi kile kilikuwa foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, ambayo kweli kila anayetafuta mimba hushauriwa kuimeza ili kupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Hiyo nilikuwa nayo nyumbani tangu zamani, na niliinunua kwa bei isiyofika nauli ya bajaji iliyonipeleka pale.

Kosa la namba lingeishia kwenye karatasi, ningenyamaza. Lakini nilimwambia mume wangu, naye akamwambia mama yake, na kabla jua halijazama habari ilikuwa imefika Tanga. Wifi alinipigia simu kunipa pole kana kwamba kuna msiba. Mama mkwe alituma chupa ya mizizi kwa basi. Mwezi mzima nikawa mgumba wa ukoo kwa sababu ya fomu.

Haki ya mtu nisiifiche, hata hivyo. Nilirudi nikiwa nimejiandaa kugombana, nikapangiwa daktari mwingine, binti mdogo kwangu, ambaye aliifungua kalenda ya simu yangu, akahesabu siku kwa kidole, akaikata 21 kwa kalamu na kuandika 28 juu yake. Kipimo cha pili kilionyesha kwamba yai lilikuwa limetoka. Yeye pia ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza, "Na baba amepimwa?" Hakuwa amepimwa, ingawa upande wa mwanamume huhusika katika karibu nusu ya visa hivi, na ingawa mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo kila mwezi tuliopoteza kuzihangaikia ovari zangu ulikuwa na gharama yake. Kabla ya kunitoa damu ya kupima prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa ya mama, aliniambia nikae kwanza nitulie, maana homoni hiyo hupanda hata kwa wasiwasi. Nilitaka kumkumbatia. Nilitoka chumbani kwake nikiwa nimeshaipa kliniki nyota nne kichwani.

Kisha nikapita mapokezi kuomba nirudishiwe fedha ya kipimo cha kwanza. "Fedha ya vipimo hairudishwi, mama." Wakati nikibishana, dada mmoja kando yangu alikuwa anakabidhiwa fomu yake, nami nikachungulia, adabu iniwie radhi: 21. Nikamuuliza mzunguko wake ni wa siku ngapi. Akasema arobaini hivi.

Nilimwelekeza chumba cha mwisho kushoto, kwa yule binti. Nyota moja, nayo ni ya binti huyo.